Papai la Nguruwe wa Pasaka

Jumatatu, 27 Januari

Mwalimu wa Mwemwe amelikataa daftari hili kwa sababu jalada lililowa mvua likavimba. Nimeona si vizuri kulitupa, basi nitaliandika mimi. Sikusoma sana, lakini mwandiko wangu unasomeka, na Mungu haangalii hati.

Leo shule imefunguliwa. Mwemwe, mjukuu wangu mkubwa, yuko darasa la tano. Mdogo wake Tiaon, wa miaka sita, ameanza la kwanza. Mama yao, binti yangu Bwenaua, yuko Australia anachuma matunda kwenye mashamba ya watu, huu mwaka wa pili, kwa hiyo asubuhi za shule ni zangu: kuwaosha, kuwasuka, kutafuta kiatu cha pili, kuwalisha. Kengele inalia saa moja na nusu, na watoto hawa huamka kama magogo. Nimewapa maandazi mawili mawili na chai yenye sukari ya kutosha. Tiaon alimaliza moja na nusu, nusu iliyobaki akaondoka nayo mkononi mbio. Nikamwombea kwa Bikira Maria huku namwangalia mgongo.

Jumanne, 28 Januari

Maandazi na chai. Wamewahi.

Jumatano, 29 Januari

Unga umekwisha. Wali wa jana na sukari juu yake. Wamechelewa, lakini kosa ni la kiatu.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya misa tulikaa mwaneaba, ukumbi wetu wa parokia, kupanga mambo ya Pasaka. Akasimama wifi yangu Nei Teekoa, yaani Bi Teekoa, dada mkubwa wa mume wangu, na sauti yake ile inayofika mpaka baharini: "Nguruwe wa Pasaka mwaka huu anatoka nyumbani kwa mdogo wangu Nakibae. Na sitaki kusikia nguruwe mwingine amempita kwa unene!"

Hakutuuliza. Watu wakapiga makofi, Nakibae akainamisha kichwa kama mtu anayeona haya, lakini masikio yalikuwa yanacheka. Neno likishasemwa mwaneaba halirudi mdomoni.

Basi tumempa Mwemwe kazi ya kumlisha. Papai moja bivu asubuhi kabla ya shule, jingine jioni, na majani ya maboga katikati. Tuna mipapai sita upande wa maji tulivu ya ndani ya kisiwa na inazaa bila kuombwa. Nguruwe anang'aa mpaka unaweza kujitazama ubavuni mwake. Namshukuru Mungu kwa huyu mnyama.

Alhamisi, 6 Februari

Maandazi na chai.

Jioni Tiaon alikuwa anacheza mpira na wenzake nje ya mwaneaba, akakimbia moja kwa moja akajigonga kwenye nguzo. Nguzo ambayo amezaliwa akaikuta! Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Teekoa naye alikuwepo. "Huyu ana macho ya kuku," akasema. "Jua likitua anatafuta banda." Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 10 Februari

Nimempiga mtoto leo.

Nilimtuma achote maji kabla ya giza kuingia. Akakaa chini mlangoni, akagoma. Nikamwambia mara ya pili. Akasema, "Bibi, sioni njia." Nikamwambia njia ni ileile aliyopita saa tisa, haijahama. Akainuka, akatembea mikono mbele kama mtu anayetafuta ukuta, akaukanyaga mchuzi niliokuwa nimeuteremsha chini. Mchuzi wote wa samaki. Nikampiga mbili za miguu. Hakukimbia. Watoto wote hukimbia wakipigwa. Yeye alisimama palepale, akageuza uso upande ambao mimi sikuwepo, akasema, "Nisamehe, bibi."

Alikuwa anauomba msamaha mnazi.

Nimeandika haya ili nisije nikajidanganya kwamba hayakutokea.

Jumatano, 12 Februari

Nimempeleka zahanati. Muuguzi wetu ni Nei Erimeta, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyewahi kumfukuza katekista kwa kuvuta sigara dirishani. Alimkalisha Tiaon kwenye mwanga, akamvuta ukope, akaniita.

"Tazama hapa pembeni. Unaona nini?"

Palikuwa na kidoa cheupe, kama povu la sabuni lililokaukia juu ya jicho. Macho yote mawili.

"Leo asubuhi amekula nini?"

"Andazi na chai."

"Jana?"

"Andazi na chai."

"Juzi?"

Nikamnyooshea Tiaon gauni.

"Nei Taakare, nakuuliza kwa wema. Hapo nyumbani hakuna papai?"

"Papai lipo. La nguruwe."

"Na majani ya maboga?"

"Ya nguruwe."

Akauachia ukope wa Tiaon. Akasema, "Basi nguruwe wenu ana macho mazuri sana."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Kwetu hakuna anayempa mtoto papai na majani. Ukimpa, majirani watauliza umepatwa na nini. Chakula ni samaki, nazi, wali na unga wa dukani. Vinavyoota vyenyewe ni vya banda. Mama yangu alinilea hivyo na mama yake alimlea hivyo. Erimeta anasema zamani haikuwa hivi, watu walikula tunda la mkadi na samaki na maini yake, na wakaona mpaka uzeeni.

Akakata ncha ya kidonge laini cha mafuta, akamkamulia Tiaon mdomoni. Mtoto akatema karibu nusu kwenye gauni. Erimeta alikuwa ameshageuka kuandika. Nikafuta kwa kiganja changu na sikusema kitu, kwa aibu.

"Kesho umrudishe apate cha pili. Baada ya wiki mbili cha tatu. Usikose. Na asubuhi kabla ya shule ale kitu chenye rangi. Papai na tui kidogo, au boga, au yai. Ini la samaki, likipatikana, bora zaidi. Haichukui dakika kumi. Usipofanya hivyo, ugonjwa huu hauishii gizani, Nei Taakare. Unakula jicho lenyewe."

Alhamisi, 13 Februari

Nimeamka mapema, nikakata papai bivu, nikaliponda na tui la nazi changa, nikaweka kwenye bakuli zuri la wageni. Tiaon alionja akasukuma bakuli.

"Mimi si nguruwe."

Mwemwe akaanguka kwa kicheko. "Bibi, na mimi nitalala bandani?"

"Nyamazeni mle! Ni dawa."

"Dawa haiwi tamu," akasema Tiaon. Nikamjazia kijiko.

Alikula vijiko vitatu. Kengele ikalia.

Sikurudi zahanati. Leo ilikuwa zamu yetu kina mama kusuka mikeka ya mwaneaba ya Pasaka, na Teekoa ndiye anayehesabu nani hayupo. Nitaenda kesho.

Ijumaa, 14 Februari

Papai na tui: vijiko vitano. Sikuenda zahanati, mvua.

Jumamosi, 15 Februari

Hakuna shule. Nimeyatwanga majani ya maboga nikayachanganya kwenye unga wa maandazi. Yametoka kijani kama kobe. Tiaon alipenda. Mwemwe alikula akiwa amefumba macho.

Jumatatu, 17 Februari

Mwemwe alibeba andazi la kijani shuleni wakamcheka. Wamemwimbia kwamba bibi yake anapika banda zima. Amerudi na macho mekundu, hasemi nami.

Jumanne, 18 Februari

Njoo unisaidie kumshukuru Mungu, daftari langu! Leo magharibi, jua limeshazama, Mwemwe akamrushia mdogo wake mpira, na Tiaon akaudaka. Akaudaka! Nikamwambia rusha tena. Akaudaka tena. Nimepiga magoti palepale kwenye mchanga, nikasali rozari nzima, na kuku wakanipita kama jiwe.

Alhamisi, 20 Februari

Asubuhi yai moja, nusu kwa nusu, dakika tano tu.

Mchana akaja Teekoa, akakaa barazani, akapangusa jasho. Akaanza kwa mbali, na hapo nikajua ana jambo.

"Wifi, nasikia unawalisha wajukuu wa mdogo wangu majani."

"Ni muuguzi aliyesema."

"Muuguzi haketi mwaneaba nasi. Watu wanasema Nakibae ameishiwa. Wanauliza, unga umewashinda? Mtoto si anaona sasa?"

"Anaona, namshukuru Mungu."

"Basi. Aliyeponya ni Mungu, si papai." Kisha akalitoa lililomleta. "Padre anakuja kwangu na wageni wanne. Naomba kuku wako wawili. Ni bubuti, wifi."

Kwetu ndugu akikuomba kwa neno hilo, hukatai. Ukikataa umejivua undugu mbele ya kisiwa kizima. Nina kuku wawili tu wanaotaga. Nikawashika mwenyewe, nikawafunga miguu mwenyewe, nikampa. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatatu, 24 Februari

Maandazi meupe na chai. Mwemwe amenikumbatia kwa furaha. Tiaon anaona vizuri mpaka usiku, na Pasaka haiko mbali. Nakibae anasema nguruwe ameanza kupungua mgongo kwa sababu ya mambo yangu. Nimemrudishia mapapai yake.

Jumatano, 26 Februari

Maandazi, chai. Nimekumbuka kuwa leo ni ile siku ya wiki mbili. Nitaenda vipi, na cha pili chenyewe sikukifuata? Erimeta atanitafuna mbele ya watu. Na mtoto anaona.

Jumamosi, 1 Machi

Bamvua, maji makuu ya bahari, limeingia ndani.

Tulijua litakuja, mwezi ulikuwa umekufa na upepo ulisimama magharibi, lakini halijawahi kufika jikoni. Saa kumi na moja alfajiri niliamka nikasikia sufuria zinagongana. Maji yalikuwa ya goti. Nakibae alimbeba Tiaon, mimi nikambeba Mwemwe ambaye sasa ni mzito kwangu, tukasimama juu ya jukwaa la kulalia mpaka bahari ikachoka. Nguruwe aliogelea. Watoto wakacheka kumwona, na nikafurahi kwamba wanacheka.

Kisima kina chumvi. Maboga yamelala. Mipapai imesimama kwenye maji ya bahari, yote sita.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Majani ya mipapai yamegeuka manjano na kuanguka. Hakuna mvua ya kuosha chumvi. Tunakunywa maji ya kisima kwa kuwa tangi limekauka; nayachemsha ninapopata kuni kavu. Asubuhi watoto wamekula tambi za pakiti bila kupika, wanazivunja kama biskuti. Wanasema ni sherehe.

Jumamosi, 8 Machi

Mapapai manne yamebaki, machanga yaliyoivia mtini kwa ugonjwa. Nilitenga mawili kwa Tiaon. Nakibae akayaona nyuma ya debe.

"Haya ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa? Nguruwe amesemwa mwaneaba, mama. Nikipeleka mifupa Pasaka nitakaa wapi? Nitatazama wapi?"

Hakunifokea. Mume wangu hana makelele. Ni mtu wa kupanda mnazi asubuhi na jioni kugema, akiimba huko juu, akishuka hana neno. Angenifokea labda ningebisha. Niliyapeleka bandani mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Tiaon anaharisha tangu jana. Nyumba tatu watoto wanaharisha, ni maji. Hakula kitu asubuhi. Tembo tamu, lile bichi la mnazi, vijiko viwili, akarudisha.

Jumatano, 12 Machi

Hakula. Sijalala.

Alhamisi, 13 Machi

Anaharisha maji matupu. Teekoa amekuja na majani ya kumkanda tumbo. Amemkanda vizuri, kwa upole, lazima niseme.

Ijumaa, 14 Machi

Ee Bwana, nionyeshe nitakavyoyaandika haya.

Asubuhi kuhara kulipungua, nikafurahi. Nikafungua pazia mwanga uingie, naye akapiga ukelele. Akafunika jicho la kushoto kwa viganja vyote viwili. Nilimbembeleza robo saa ndipo akanipa nione. Ile sehemu nyeusi ya jicho, ambayo huwa inang'aa, ilikuwa imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Katikati palikuwa na kitu laini, cheupe. Nikamwita Nakibae. Alishuka mnazini nusu ya wimbo. Akatazama, akarudi nyuma, akajigonga kwenye mlango.

Nilimbeba mtoto mgongoni kwa miguu mpaka zahanati, sikungoja gari. Nilikuwa nasali lakini maneno hayakuwa yakipangika, nilikuwa nasema tu, si yeye, si yeye, si yeye. Nei Erimeta alikuwa anafagia. Aliponiona aliutupa ufagio.

Alimtazama mara moja tu. Akafungua daftari lake la wagonjwa, akapitisha kidole.

"Tarehe kumi na tatu hukuja."

"Sikuja."

"Tarehe ishirini na sita hukuja."

"Sikuja. Na kile cha kwanza, Erimeta, nusu alitema. Niliona. Nikafuta."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye alikata kidonge, akamshika mtoto kidevu, akakamua tone moja moja, akangoja ameze ndipo akakamua jingine. Akamfunika jicho kwa kikombe kisafi cha plastiki ili lisiguswe. 

"Tunakwenda hospitali sasa hivi," akasema. "La kulia bado linaweza kuokolewa. La kushoto sijui. Usiniulize la kushoto."

Njiani Tiaon alikaa mapajani mwangu, kikombe jichoni. Halafu akasema, "Bibi, leo sijachelewa shule?"

Jumamosi, 15 Machi

Wodini. Daktari amempa kidonge cha pili na dawa ya matone. Anasema jicho la kushoto lina shimo dogo. Shimo! Kama nguo.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda misa. Nimemwambia Mungu anajua nilipo, na kama ana la kuniambia aje hapa wodini.

Nimesikitika kwa kuandika hivyo. Lakini sifuti.

Jumatatu, 17 Machi

Nakibae amekuja alfajiri, saa ile ambayo angekuwa mnazini. Hajakosa kugema tangu nimjue, labda siku tuliyozika baba yake. Alikuwa na kibakuli kimefungwa kwa jani. Ndani kulikuwa na ini la jodari, limechemshwa na chumvi kidogo.

Kichwa na ini la samaki ni vya mwenye nyumba, tumelelewa hivyo. Miaka thelathini nimemwekea upande wake wa sinia na sijawahi kuuliza lina ladha gani. Akakaa kitandani, akalivunjavunja kwa vidole.

"Fungua mdomo, mama mdogo."

"Linanuka, babu."

"Linanuka kwa sababu ni la wakubwa. Leo wewe ndiye mkubwa."

Akala lote. Nakibae akalamba vidole, kisha akatoka nje, na nilipomfuata alikuwa ameegemea ukuta paji la uso, mabega yanapanda na kushuka.

"Yale mapapai mawili," akasema.

"Niliyapeleka mimi."

"Nilikuambia mimi."

 Tulisimama pale mpaka wanaoleta chai wakatupita.

Jumatano, 19 Machi

Daktari anasema tutatoka Jumamosi, lakini kila asubuhi lazima ale. Kila asubuhi. Kidonge ni cha kuzima moto, chakula ndicho kitakachouzuia usirudi. Sasa nitampa nini? Mipapai yangu sita imekufa. Maboga yamekufa. Kuku niliwafunga miguu mwenyewe. Dukani yai likiwepo ni bahati.

Nimewaza usiku kucha na asubuhi nimemwachia Nakibae zamu, nikapanda gari mpaka kwa Teekoa. Yeye anakaa juu, upande wa bahari kuu, ambako maji hayakufika. Ana mipapai kumi na miwili, na uzio umefunikwa na maboga, na banda la nguruwe wake wanne. Nilikaa chini mlangoni, chini kabisa, kama mwombaji.

"Wifi, nimekuja kwa bubuti."

Akaacha alichokuwa anafanya. Mimi ni mke wa kuja. Miaka thelathini sijawahi kumwomba kitu huyu mwanamke kwa neno hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akiniomba.

"Sema."

"Papai moja bivu kila siku ya Mungu. Na majani. Mpaka nitakapopanda yangu yakazaa."

"Mpaka yazae! Hiyo ni karibu mwaka, Taakare. Na nguruwe wangu?"

"Sikuulizi nguruwe."

 Nilidhani atanichapa kwa ulimi wake, na nilikuwa na majibu, nilikuwa nayo mengi, ya kuku wangu, ya Mungu si papai. Akasema tu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mimi ndiye niliyesema macho ya kuku. Mbele ya watoto."

"Na mimi nilicheka," nikamwambia.

Akaenda uani. Nikasikia mipapai ikitikiswa.

Jumapili, 23 Machi

Tuko nyumbani. Bwenaua amepiga simu kutoka Australia. Sikuwahi kumwambia zaidi ya "macho yanamsumbua kidogo." Leo nimemwambia yote. Alilia, kisha akasema, "Mama, hapa nachuma matunda kutoka alfajiri mpaka mikono inaganda. Nafunga kwenye makasha, na kila kasha najiambia, watoto wa mtu watakula hili asubuhi wakienda shule." Akakata simu. Hakupiga tena.

Jumatatu, 24 Machi

Saa kumi na mbili kamili Teekoa amefika na papai kapuni, analalamika magoti, analalamika njia, analalamika Nakibae hajafagia. Papai na tui.

Jumanne, 25 Machi

Teekoa. Papai. Wali uliopikwa na majani ya maboga na samaki wa jana. Dakika nane.

Ijumaa, 28 Machi

Teekoa. Boga lililookwa kwenye majivu tangu usiku, asubuhi unalivunja tu. Kidonge cha tatu kwa Erimeta. Nilifika kabla hajafungua mlango.

Jumatatu, 31 Machi

Papai. Mwemwe ameomba na yeye. Amebeba mengine shuleni, ameweka mezani wazi, na amesema atakayecheka atamtia ngumi.

Jumatano, 2 Aprili

Hospitali. Daktari alimfunika Tiaon jicho la kushoto, akamwonyesha vidole kutoka mbali. "Viwili. Vinne. Kimoja, na kina pete." La kulia ni zima kabisa. Nikamsifu Mungu kwa sauti, watu wakageuka.

Kisha akamfunika la kulia.

"Hivi?"

Tiaon akageuza kichwa huku na huku.

"Hivi, mama mdogo?"

"Nyeupe," Tiaon akasema.

"Na sasa?"

"Nyeupe."

Daktari akaniambia pembeni kwamba shimo limefunga lakini limeacha kovu, na kovu limekaa katikati. Jicho litaona mwanga na giza tu. Hapa kwetu hakuna la zaidi linaloweza kufanywa. Nikauliza, na chakula? Nikimlisha vizuri? Nikimlisha sana? Akasema, "Mlishe, bibi. Kwa ajili ya lile lingine."

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nakibae amesimama mwaneaba. Hajawahi kusimama tangu tuoane. Akasema nguruwe wa Pasaka ataletwa kama alivyo, mwembamba, kwa sababu chakula chake kinaliwa na mjukuu wake, na mwenye kuuliza aulize sasa hivi. Mtu mmoja akaguna. Teekoa akageuka nusu tu, na yule akakohoa kama amepaliwa.

Jumapili, 20 Aprili

Kristo amefufuka. Nguruwe alikuwa mwembamba, kweli. Aliliwa akaisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa tena. Kurasa zimebaki tatu na sidhani nitaandika zaidi. Asubuhi zangu zimejaa.

Tiaon atakaa dawati la mbele, upande wa kushoto kabisa, ili ubao na wenzake wote wawe kulia kwake. Mwalimu amekubali. Tiaon amejifunza kugeuza kichwa kama ndege. Watoto wamemcheka siku moja wakazoea.

Nimemwekea papai lake na tui. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikimwona analigawa kwa kijiko, nusu huku nusu huku, na mstari katikati, lakini kwa haraka za asubuhi sikuuliza. Leo nimeuliza.

"Hii ni ya jicho la kulia," akasema, akionyesha. "Na hii ya la kushoto. La kushoto ninalipa kubwa kwa sababu liliumwa sana. Likishiba litafunguka, eti bibi?"

Mwemwe aliacha kufunga kiatu. Nakibae, aliyekuwa anateremka mnazini, akasimama katikati ya mti.

Nilifungua mdomo. Niliwahi kumdanganya Erimeta kwa kunyamaza, nikaona kilichofuata. Lakini kengele ilikuwa inakaribia, na mtoto alikuwa anakula, anakula bila kusukumwa, ameinama juu ya bakuli.

"Kula, mama," nikamwambia. "Maliza."

Ameanza na nusu ya kushoto.